Mvua ya Mawe ya Julai

Jumatatu, 8 Julai
Asubuhi kama kawaida: tahadhari ya hali ya hewa kwa Kiingereza, ramani mbili, chai, kisha muhtasari wa Kiswahili kwa kundi letu la wachuuzi. Mistari minne. Baridi kubwa inapanda kutoka Cape, Alhamisi itatufikia. Upepo mkali, nyuzijoto moja alfajiri. Chini nikaweka "Fundi", kama siku zote. Kisha cherehani.

Jioni Mama Riziki, jirani yangu hapa Bellevue, kaniuliza kuhusu mvua ya mawe ya kesho Rockey Street, wanakopanga meza zao. Mawe gani? Kanionyesha simu. Mtindo ni wangu, chini "Fundi". Sikuandika mimi. Johannesburg mawe huanguka kiangazi, si Julai. Kuna mtu ananichezea.

Jumanne, 9 Julai
Jua kutwa. Meza zote tupu, watu wamebaki nyumbani kwa sababu ya "Fundi". Nimejieleza mpaka koo limekauka. Wanaitikia tu, najua hawaniamini. Nyanya za Mama Riziki zimeanza kulainika. Nina hasira.

Jumatano, 10 Julai
Nani anafaidika watu wakiogopa baridi? Dieudonné, anayeuza mablanketi pale kwenye robot, taa za barabarani. Nimepita kwake makusudi. Rundo limepungua. Hakunitazama usoni. Ni yeye, nani mwingine?

Alhamisi, 11 Julai
Imefika. Upepo umeng'oa maturubai matatu. Nyuzi moja, sawasawa na nilivyoandika. Nimefurahi, Mungu anisamehe.

Jumapili, 14 Julai
Baada ya kanisa, ujumbe mwingine unazunguka. Kesho mawe na upepo, msitoke. "Fundi". Nimekagua ramani mara tatu. Hakuna hata wingu.

Nikaandika kwa herufi kubwa: UONGO. KESHO JUA. TOKENI MKAUZE. Nikaongeza kwamba mwuza mablanketi aache ujanja wake. Dieudonné amepiga simu mara mbili. Nimekata. Aibu imemshika, vizuri sana.

Jumatatu, 15 Julai
Jua, kama nilivyosema.

Saa tatu wakaja maafisa wa vibali, magari mawili, wakafunga barabara huku na huku. Watu walikuwa wengi. Mimi ndiye niliyewatoa. Kibali cha Mama Riziki cha kuishi hapa kimeisha, anangoja kipya tangu mwaka jana. Wamempakia pamoja na wengine. Nilikuwa nimesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni.

Dieudonné amekuja kwangu. Kumbe dereva wa maafisa hununua mablanketi kwake, naye humdokezea siku ya msako.

"Eish, dada, ningeandika msako wangemjua aliyeniambia. Hali ya hewa kila mtu anaiamini, ikitoka kwako."

"Ungeniambia mimi."

"Si nilikupigia?"

Hata Jumanne ile walikuja, kasema, wakakuta meza tupu wakaondoka. Nimejichukia leo kuliko siku yoyote.

Jumatano, 17 Julai
Baridi nyingine inapanda. Ijumaa alfajiri, nyuzi mbili chini ya sifuri. Nimehakikisha kwenye ramani zote, nimetuma kwa kundi. Wawili wamejibu asante.

Mchana nimekwenda wanakomshikilia Mama Riziki. Sikuruhusiwa kumwona. Simu wamemnyang'anya. Sweta nililompelekea limekataliwa getini, nimerudi nalo.

Hajui kuhusu Ijumaa.