Utepe Wenye Mapunye

Nkende, Tarime
2 Agosti 1975

Mjomba Abdurahmani,

Muhuri wangu wa ua ulitoka mikononi mwangu siku ya Sabasaba, na aliyeondoka nao ni wewe. Shikamoo. Hiyo ni ya umri wako. Mama hajambo, kikohozi kimepungua.

Ulisema unauazima ukawaonyeshe wateja wako huko Mugumu. Jana jirani yangu Bhoke kaja na kadi ya harusi kama ninazotengeneza mimi, iliyonunuliwa dukani kwako, anacheka: "Arafa, siku hizi tepe zako zina mapunye?"

Ua ni langu, nililichonga mwenyewe kwenye soli ya kandambili. Lakini utepe mwekundu umejaa madoa meupe. Mjomba, ua lile si la wino. Unachovya muhuri kwenye dawa ya kung'arishia nguo, unagonga kwenye karatasi ya buluu, rangi inatoka, ua linabaki jeupe. Karatasi ikishakauka kabisa ndipo unafunga utepe. Wewe umefunga ikiwa mbichi, dawa ikala utepe, na watu wanadhani uchafu huo ni wangu.

Wiki iliyopita nilipomtuma mtu aufuate, ulimwambia huu ni wakati wa ujamaa, nisiwe mchoyo. Ujamaa ninaoujua mimi ni wote kushika jembe, siyo mmoja achonge, mwingine agonge, aibu imrudie mchongaji.

Naweza kuchonga mwingine. Sichongi. Nautaka ule ule.

Nipe jibu kupitia dereva wa basi la Ijumaa: unaurudisha, au nije niuchukue mbele ya wateja wako?

Mpwa wako,
Arafa