Mimi Ndiye Marehemu

Princesse shoga yangu, nimeaibika leo mtaani Ntinda, kwenye uzinduzi wa kitabu changu.

Mama mmoja aliniuliza, "Wazo la mke kumuua mumewe ulilipata wapi?"

Nikasema ukweli. Ukweli, Princesse! "Nililipata kitandani, nikimsikiliza mume wangu akikoroma."

Ukumbi ukacheka. Nilisahau kabisa kuwa Mumbere wangu ameketi mstari wa mbele, amevaa suti ya harusi yetu.

Akasimama, akaomba maikrofoni. "Naitwa Mumbere. Mimi ndiye marehemu."

Mimi ndiye marehemu! Alisema hivyo hivyo, bila kucheka. Watu wakapanga foleni awasainie vitabu. Kwangu hakuja mtu.

Sasa hivi tumefika nyumbani, Mumbere ameniuliza, "Nakufa ukurasa gani?"

"Wa kwanza."

"Na zinazobaki?"

"Mke anakulilia."

Akavua tai polepole. "Ungeniacha hata nifike sura ya pili."