Namna Buhendwa Alivyoanguka

Goma, Murara, 20 Septemba 1987

Kwako yaya Ernestine, dada yangu mukubwa,

Pokea salamu zangu za upendo. Natumaini wewe, bwana yako na watoto muko wazima huko Kisangani, na goti lako limepoa. Sisi tuko. Mama anakula vizuri, ila akiamuka bado anamuita papa.

Yaya, Buhendwa ameanguka kwenye uchaguzi.

Uliolewa kabla ya ile kesi, haukumuona kule tribunali. Alikuwa avoka wa papa, wa kumutetea. Siku tajiri alipodai kilima chetu cha Masisi, Buhendwa alifunga kinywa, akatazama kucha zake. Kilima kikaenda. Kisha ngombe za yule tajiri zikaonekana kwa Buhendwa. Papa hakumaliza mwaka. Na mutu huyo akachaguliwa commissaire du peuple, akaenda Kinshasa kutunga sheria za inchi!

Safari hii alirudi kuomba kura tena. Alikulia Bukavu, Kihunde hajui, hata dereva wake hajui. Akatafuta mutafsiri wa kwenda naye Sake. Nikajitolea, nikajiita kwa jina la bwana yangu. Hakunitambua. Mama alikasirika, akaniuliza kama sina haya.

Sasa nikuambie nilichomuficha mama. Sokoni Sake, Buhendwa aliahidi barabara na dispensaire ya kutibia wagonjwa. Mimi kwa Kihunde sikutaja barabara. Niliwaambia ndiye aliyemuuza papa yetu, muzee Mushesha. Nikaeleza kilima, ngombe, kaburi. Wazee wakavua kofia. Yeye akadhani wanamuheshimu, akapunga mukono. Nikalitaja jina la papa kwa sauti, nikimutazama usoni. Akatabasamu. Alikuwa amelisahau.

Hiyo iliniuma kuliko kilima.

Jana alikuja nyumbani kuuliza sababu gani watu wa Sake walimukataa, na yeye aliona alisema vizuri. Nikamutafsiria kwa Kiswahili yote niliyowaambia. Akauliza: “Mushesha ni nani?”

Nikafunga mulango wa barabarani, nikamuita mama aje amujibu. Buhendwa alitaka kusimama, nikamuambia akae. Mama alisema mpaka jua likazama, na mule ndani hakukuwa na avoka wa kumutetea.

Sijutii, yaya.

Mama anakusalimu, na watoto wote wa hapa. Musalimie bwana yako, na Mungu awalinde.

Ni mimi mudogo wako,
Henriette