Dema Lililonifunza Kazi

Mjukuu wangu Rahma,

Assalaamu alaykum. Huku Chake Chake sote wazima, na bibi yako ameshaanza kusuka mkeka wako.

Umeniuliza kama nami nilinyang'anywa mpira wa kamera wa kuchungulia tumboni nilipokuwa daktari mchanga. Nilinyang'anywa, tena mbele ya wagonjwa! Nikifika kooni tu, mwalimu anauchukua. Ikaingia Ramadhani, wagonjwa wakakataa kumezeshwa mpira na saumu zao, nami nikakosa wa kujifunzia. Nikaomba dema bovu, ule mtego wa samaki wa fito, kwa wavuvi wa Kojani, nikalifunika kanga nisione ndani ila kwa kamera, nikawa kila siku napitisha mle ndani mpira uliochakaa, nikiukunja kona bila kugusa fito. Wauguzi wakanicheka: "Daktari, umenasa changu wangapi leo?"

Baada ya Idi akaja mzee wa Pujini, amekonda kwa maumivu ya tumbo. Nikapita koo, nikakata kona, na kidonda hicho kwenye kioo! Mwalimu alikuwa keshanyoosha mkono. Akaurudisha mfukoni.

Tangu hapo kila daktari mpya alianzia kwenye dema, ndipo akamshika mgonjwa.

Nimelipakia kwenye meli ya Ijumaa. Kalipokee bandarini, na mwalimu wako akirudisha mkono mfukoni, nipigie simu hapo hapo.

Babu yako