Mama, Zimekauka Zikiwa Kijani

Bellevue, Johannesburg
Jumamosi, 20 Septemba. Asubuhi ya ubaridi kidogo, upepo wa vumbi, mbingu nyeupe, dalili ya mvua hakuna.

Mama,

Nimeanza na hali ya hewa, kama ninavyoanza kila siku. Ulikuwa ukinichungulia begani na kusema, "Nyemo, hilo ni daftari la siri au la utabiri wa redioni?" Basi leo siandiki daftarini. Nakuandikia wewe.

Shangazi Katrina amenipa mpaka leo jioni nimjibu. Miguu haimruhusu tena kuishi peke yake, anahamia kwa mwanawe Kimberley. Ile nyumba aliyoachiwa yeye na marehemu baba kule Upington, yenye ua mpana na gereji isiyo na gari, ama niihamie mimi, ama aipangishe kwa mafundi wa mitambo ya umeme wa jua. Wamekuja wengi, na wanalipa kabla mwezi haujaanza. "My kind," aliniambia kwenye simu, maana ndivyo wanavyomwita mtoto kwao, "mimi sikusukumi. Lakini mafundi nao wanataka pa kulala."

Ua ule, ukitaka kukaushia mboga, unataka hela. Nyavu, mbao, tangi la maji, bomba. Na hela niliyo nayo ni moja tu, Mama. Ni ya safari yako.

Mpaka leo siwezi kuiita jina jingine. Miaka yote uliyouza mboga hapa jirani, Yeoville, ulikuwa ukiweka kidogo kidogo, ili siku ukifa usafirishwe mpaka Dodoma ukalale karibu na bibi. Halafu wiki ile ya mwisho hospitalini ukanishika mkono: "Nizikeni hapahapa. Maiti hachungulii dirishani." Nikacheka na kulia kwa pamoja, na nesi akatutazama kama wendawazimu. Ukaongeza, "Hiyo hela ifanyieni kitu kitakachobaki." Hukusema kitu gani. Nilisubiri useme, ukalala.

Tulikuzika hapa Juni ya mwaka jana, na baridi ilikuwa inauma. Mama Plamedi, jirani yetu wa chumba cha mbele, aliimba kwa Kiswahili chao cha Kongo mpaka sauti ikamkauka. Mjukuu wako Lindiwe hakulia makaburini. Alilia siku ya tatu, alipoona kandambili zako mlangoni. "Gogo's shoes," alisema, basi. Unakumbuka ulivyofurahi ulipojua kwamba kwa Kizulu bibi ni gogo? Ukatangazia jengo zima: "Nchi hii kila mwanamke akizeeka anakuwa Mgogo!"

Miezi sita hela ilikaa bila kuguswa. Nilikuwa nashona zipu za watu, napika, nalala saa nane za usiku, naamka. Januari shangazi akanialika nikapumzike. Sikuwa nimefika Upington tangu utotoni, ile mara baba alipotupeleka, ulipoteremka kwenye gari, ukaliangalia jangwa lote, ukamwambia, "Mzee, umenitoa kwenye vumbi moja umenileta kwenye jingine?"

Ni kweli ni vumbi. Lakini katikati yake unapita mto mkubwa, na kando ya mto kote ni kijani: mizabibu, maboga, mahindi. Mji ni mdogo, unaamka mapema kuliko sisi. Saa moja asubuhi watu wako kazini, saa nane mchana barabara nyeupe kabisa, hata mbwa hupati. Nikawaona wakulima wadogo wakivuna maboga na kuyaacha majani yafe shambani. Majani ya maboga, Mama! Hapa Johannesburg tunayanunua kwa mafungu madogo, na wakati wa baridi hayapatikani. Nikawaomba. Mmoja akashangaa: "Chukua yote, ila usinikanyagie maboga."

Nikakumbuka Dodoma. Nikakumbuka majabali nyuma ya nyumba ya bibi, mboga zimeanikwa juani, sisi tukifukuza mbuzi. Nikasema moyoni: jua la hapa ni la kwetu mara mbili, nani atanishinda? Nikatoa sehemu ya hela yako nikanunua nyavu na majani ya kunde zaidi, nikaanika uani kote, juani kama tulivyolelewa. Zilikauka siku hiyohiyo. Daftarini niliandika kwa majivuno: "Siku moja tu!" Shangazi alipita na fimbo yake, akachukua jani, likasagika vidoleni. Akalinusa. Kisha akaenda kukaa kibarazani.

Nilirudi na magunia manne ndani ya basi. Mama Plamedi, ambaye sasa ndiye anayesimamia meza yako sokoni, alifungua gunia la kwanza akaingiza mkono.

"Dada, hii ni mboga ao ni nyasi ya mbuzi?"

"Ni majani ya kunde, Mama Plamedi. Kutoka jangwani."

"Jangwa yenyewe iko ndani! Angalia rangi. Mi sitauzisha hii, watu watasema nimewafanya ng'ombe."

Tukapika sufuria moja tuhakikishe. Maji yakawa kama chai ya rangi. Utelezi hakuna, harufu hakuna. Lindiwe alisukuma sahani. "Eish, Mama. No." Nilitupa magunia yote manne kwenye pipa la nyuma ya jengo. Usiku ule niliona kama nimekutupa wewe. Nisamehe nikisema hivyo, lakini ndivyo nilivyoona.

Nilizificha nyavu chini ya kitanda na kuapa kwamba hela iliyobaki sitaigusa. Na pale chini ya kitanda, wakati nasukuma vitu kupisha nafasi, nikagusa kopo lako la maziwa, lile la bluu. Nilijua kuna nini ndani. Sikuwahi kulifungua tangu ufe, niliogopa kuumaliza mkono wako. Siku hiyo nililifungua.

Mama, zilikuwa kijani. Miezi minane ndani ya kopo, na bado kijani kama zimechumwa jana, na ile harufu ikatoka chumba kizima. Nilikaa sakafuni. Zile mboga hukuzianika juani hata siku moja! Ulikuwa ukizitandaza kwenye shuka, juu ya kabati na chini ya kitanda, dirisha wazi kidogo, pazia limefungwa. Nje kulikuwa na njiwa na masizi na mikono ya watu. Mimi na Lindiwe tukilalamika kwamba chumba kinanuka zizi, nawe ukijibu, "Zizi ndilo linalowalisha." Sikuwahi kujiuliza kwa nini za Bellevue zilikuwa tamu kuliko za Dodoma. Nilidhani ni njaa ya ugenini.

Kwa hiyo nilitaka jua la bibi, wakati nilikuwa nimelelewa na kivuli chako.

Pasaka nikarudi Upington. Safari hii niliingia gerejini. Niliondoa makorokoro ya baba, nikafungua milango ya pande zote mbili, nikatundika nyavu ngazi kwa ngazi kama vitanda vya bweni, nikazitandaza mboga ndani, gizani. Shangazi akaja na fimbo yake: "My kind, jua lote hili la bure, na wewe unajificha?" Nikamwambia nataka upepo tu. Upepo wa kule ni mkavu, hauna mchezo. Siku ya kwanza, zimelegea. Siku ya pili shangazi mwenyewe alikuwa akizigeuza, na akaniambia kwamba alipokuwa kijana kwenye kiwanda cha zabibu kavu, zile za bei kubwa hazikuguswa na jua.

"Mbona hukuniambia Januari?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unaandika."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Mngependana, nyie wawili, kama mngekuwa na lugha moja.

Nilileta gunia moja tu. Mama Plamedi aliingiza mkono, akautoa, akanusa. Kisha akasema, "Huyu ni mama yako." Akafunga vifuko vidogo, akaviweka pale ulipokuwa ukiweka mafungu yako. Ilikuwa Mei, baridi imeanza, mboga mbichi zimekuwa adimu. Watanzania walikuja, Warundi, Wakongo. Mwanamke mmoja wa Singida alilia mezani. Gunia likaisha, nikaenda tena, likaisha. Juzi Mama Plamedi kanigongea mlango na mwiko mkononi: "Dada, ile mboga iko wapi? Bateja banauliza, mi nitajibu nini, nitaimba?"

Sitakudanganya, bado naogopa. Gunia moja si maisha. Kule Upington simjui mtu zaidi ya shangazi, naye anaondoka. Kiafrikana changu ni cha kuombea maji. Lindiwe atakaa na Mama Plamedi mpaka shule zifungwe Desemba, na tayari ameniuliza kama kule kuna mtandao. Nikimwangalia namwona baba: sura ya mtu wa jangwa, ila yeye jangwa lenyewe halijui.

Lakini leo saa kumi jioni niliiacha barua hii kidogo nikampigia shangazi. Nikamwambia ua nauchukua, gereji naichukua, mafundi watafute kwingine. Akauliza, "Na wewe una hakika?" Nikasema, "Mama yangu ana hakika." Kesho jioni napanda basi Park Station. Nyavu zako zimefungwa, na kopo la bluu liko kwenye mkoba wa mkononi. Nimebakiza humo konzi moja. Hiyo haipikwi.

Asubuhi nitapita makaburini nikuage. Sitakaa sana, utaniambia nikafunge mizigo. Ahadi yangu ni hii: hela yako itarudi kuwa safari. Gereji ikishaanza kujilisha, nitamkatia Lindiwe tiketi, nami pamoja naye, mpaka Dodoma, tukaione nyumba ya bibi na yale majabali. Na yeye nitamweka dirishani, aangalie njia nzima kwa niaba yako.

Pumzika, Mama. Huko kwenye kivuli chako.

Tangu Juni ile nimekuwa nikiandika daftarini, mwisho wa kila siku, saa niliyopata usingizi. Ni saa nane, saa tisa, tena saa nane, kurasa kwa kurasa. Lindiwe ameshazima taa ya upande wake. Mizigo iko mlangoni, karibu na kandambili zako.

Nimelala saa tatu na nusu usiku.

Mwanao,
Nyemo