Machungwa Aliyopewa Mzee Ho

Berea, Johannesburg
Alhamisi

Kaka yangu Bakiri,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii imekukuta kibarazani na uzima wako, wifi hajambo, na watoto wote wanakula vizuri. Sisi huku mimi na Shufaa tunaendelea, Mungu anatuweka, ila moyo wangu haujatulia, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Ningekutumia sauti kwenye simu, lakini simu yako kaka husikilizwa na nyumba nzima mpaka jirani. Hii anakuletea Fahad mkononi, anasafiri kuja huko. Isome peke yako. Mwandiko univumilie, unajua niliishia darasa la nne.

Shufaa amenipita kimo. Kiswahili anakisikia chote, lakini kujibu anajibu kwa Kiingereza, na akikasirika ni Kizulu. Nikimwuliza amekula nini shuleni ananiambia eish, Mama, kama vile nimemwuliza siri ya serikali. Lakini ni mtoto mzuri, anasoma.

Sasa habari yenyewe. Kule Fordsburg kwenye duka la vitambaa nilishaacha. Kwa miaka mitatu sasa namfanyia kazi bibi mmoja Mchina. Usidhani ni hawa waliokuja juzi na makontena. Wapo Wachina wa zamani hapa, waliozaliwa hapahapa. Mtaa wao ulikuwa huu wa Commissioner, upande wa chini wa mji. Wengi wamehama, wengine wamehamia Cyrildene karibu na Observatory, pakabaki maduka mawili matatu na bibi yangu huyu, anaishi ghorofani juu ya duka lililokuwa la baba yake. Tunamwita Gogo Kwan, gogo huku ndiyo bibi. Ana miaka themanini na nane. Macho yamefifia, na magoti yamekataa ngazi.

Kaka, Wachina kila mwezi wa nne huenda kufagia makaburi ya wazee wao. Wanaosha jiwe, wanang'oa magugu, wanaweka chakula, wanampa marehemu habari za nyumbani kama vile anasikia. Baadaye chakula kinarudi nyumbani kinaliwa, kwao ni baraka. Tangu magoti yamshinde Gogo, ananituma mimi kwa baba yake, makaburi ya Newclare. Usinishtukie. Kazi yangu ni ufagio na ndoo ya maji. Ubani anachoma mwenyewe nyumbani, na nguruwe hajanibebesha hata siku moja, anajua dini yangu, hunipa machungwa tu na mikate ya mvuke. Aliniambia nipite lango kubwa, niende safu ya tatu, nihesabu makaburi matano. Nikirudi namwambia kaburi liko safi, naye hunishika mikono akanusa viganja vyangu apate harufu ya udongo, kisha anamenya chungwa, nusu yake, nusu yangu.

Mwaka huu ametaka jiwe jipya, liandikwe majina ya watoto na wajukuu wote, na jina lake mwenyewe liachiwe nafasi ya tarehe. Fundi anakuja Jumamosi hii kuvunja la zamani na kusimamisha jipya. Wa kumwonyesha mahali ni mimi, maana ndugu zake wako Kanada na hakuna mwingine anayepajua.

Basi Shufaa shuleni wameambiwa waandike habari za mtaa wa zamani wa mji, wakaulize watu wenyewe. Akachagua mtaa wa Gogo. Jumapili nikaenda naye makaburini, mimi nikafagia, yeye akapiga picha. Juzi Jumanne tukakaa kwa Gogo, mtoto anauliza, bibi anajibu: nani alikuwa na kiwanda cha tambi, nani alifuga bata juu ya paa, nani alihamishwa lini. Gogo alifurahi, mashavu yakawa mekundu. Simu ya Shufaa inasoma Kichina. Akaifungua ile picha ya jiwe, akasoma jina ili aliandike vizuri. Ho. Gogo akamwambia arudie. Akarudia, Ho.

Kaka, nilimwaga chai mezani. Nikasema labda nilikosea, labda nilipita lango dogo ambako teksi hushusha watu, nikahesabu kutokea upande mwingine. Gogo akaangua kicheko mpaka akakohoa. Kumbe huyo Ho alikuwa mchezesha fafi, ule mchezo wa namba wa Wachina, na mzee Kwan hakumsalimu miaka ishirini, kwa sababu mbwa wa Ho alipanda paa akala bata walioanikwa kwa ajili ya mwaka mpya. Gogo akasema mbwa alikula bata, sasa mwenye mbwa naye amekula machungwa! Akanipiga paja, akaniita kipofu mwenzake. Akasema baba yake huko aliko amenuna, Jumamosi tutamwomba radhi, yaishe.

Ingeisha hapo. Lakini tangu Jumanne siketi. Jana nimetia chumvi kwenye chai, nikashuka robot mbili kabla ya nyumbani, robot huku ndiyo taa za barabarani, nikatembea na mizigo huku najisemea njiani kama kichaa.

Wewe sikufichi. Mwaka wa kwanza nilikosea kweli. Mwaka wa pili teksi ilinishusha lango kubwa. Nikahesabu kama nilivyoagizwa, nikakuta jiwe limeinama, miiba imelizonga, na ndani ya miiba picha ndogo ya mzee mwenye kofia. Picha hiyohiyo imetundikwa sebuleni kwa Gogo, naipangusa vumbi kila Jumatatu. Nilisimama na ndoo yangu. Nilikuwa peke yangu, sina panga, wavulana wanavuta bangi ukutani, na mwaka wa nyuma nilishamwambia liko safi. Ningeanzia wapi? Nikaenda kwa Ho, kazi nyepesi, nikafagia pale. Na Jumapili hii nikampeleka mwanangu mwenyewe kwenye uongo wangu. Kama mtoto asingesoma, Jumamosi ningemwonyesha fundi kaburi lipi? Sijui kaka. Naogopa kwamba najua.

Leo asubuhi nilimwambia Gogo yote. Hakucheka. Aliuliza kama miiba ilifika kwenye picha. Nikasema ndiyo. Akageukia dirishani, akasema nikitoka nifunge mlango. Hakusema nirudi, hakusema nisirudi.

Jumamosi nitakwenda alfajiri kabla ya fundi. Nimeazima panga kwa Ignace, Mkongo anayelinda jengo letu. Shufaa amesema atakuja, ingawa tangu nimweleze naye hanitazami usoni.

Na sasa nakuambia kwa nini nimekuandikia wewe. Tangu mama afariki, nami nikashindwa kufika kumzika, ni mwaka wa sita huu. Kila nikikuuliza kaburi lake unanijibu liko safi. Sijakutilia shaka hata siku moja. Lakini maneno hayo nimeyasema kwa kinywa changu mwenyewe, na nimeona yanavyotoka kwa wepesi ukimwambia mtu ambaye hawezi kufika kuona. Mguu wako mbovu ninaujua, na njia ya kule ninaijua. Kama hujakwenda siku nyingi, niambie tu, kaka. Sitakasirika. Mimi wa kumkasirikia nani? Niambie lilivyo, na kama ni miiba, sema miiba.

Nisalimie wifi sana, watoto wabusu mmoja mmoja, na majirani wanaonikumbuka uwape salamu zangu. Jibu lako mpe Fahad, atakuwa huko siku kumi.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaasha