Jicho la Dereva Lisilouma

Mpendwa Mama Mshauri, naomba unisaidie maana siku hizi nikikaa nasimama, nikisimama nakaa. Mume wangu Fahadi ni dereva wa lori la mbao hapa Makambako, mwaka huu alipata mkanda wa jeshi usoni, ukapona ila jicho la kushoto likabaki halina hisia, juzi inzi alitua ndani ya jicho akatembea na mwenzangu hakupepesa, akaendelea kula, mimi ndiye niliyemfukuza inzi. Sasa jicho lina kidonda cheupe lakini kwa kuwa hakimuumi anasema amepona. Daktari wa macho kule Njombe alitaka kumshona kope kwa muda ili jicho lijifunike, Fahadi akakasirika, akasema yeye si lumbesa ya viazi, gunia la kushonwa mdomo. Tena rafiki yake Dulla kasikia redioni kwamba Waitaliano wanatibu macho ya namna hiyo kwa dawa ya kukuza mishipa ya fahamu, inatolewa kwenye tezi za panya, akaapa ataipata Kariakoo kwani hili ni soko huria, hakuna kisichoingia. Nikauliza habari ya panya na dini yetu, wakacheka. Basi tunasubiri, na kila safari ananipakia nimtazamie upande wa kushoto, na tajiri wake nimemwambia jicho ni zima. Nikisema kweli atanyang'anywa lori. Nifanyeje?

Safina, Makambako, 1998

JIBU: Safina, pole, lakini lazima nikugombeze. Dawa hiyo ipo, ila bado iko kwa watafiti, wanaijaribu kwa wagonjwa wachache. Kariakoo haipo. Atakachowaletea Dulla ni maji ya rangi, nanyi mtayatia kwenye kidonda. Habari ya panya utamuuliza sheikh siku dawa ikifika.

Jicho lisilouma ndilo la kuogopa, maana maumivu ndiyo yanayotukimbiza hospitali. Kidonda kikitoboa jicho, limekwenda. Nyuzi za kope hufumuliwa kidonda kikifunga, basi aibu iko wapi? Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kesho usipande lori. Mwambie, "Baba, mimi si jicho lako," kisha mpande basi mwende Njombe akashonwe. Akikataa, nenda kwa tajiri ukaseme kweli. Atanuna, atakuita msaliti, na kazi huenda ikapotea kweli. Vumilia. Wanaotembea kandokando ya barabara wako upande huo wa kushoto, na hawajui kwamba anayewaona ni wewe.